Nani alikwambia hiyo mbegu imekufa?

Kijana alikuwa anakamata viriba (vile vifuko vya kuoteshea miche) viwili viwili, anavipindua, anavigonga kwenye ubao, udongo unadondoka nyuma ya kitalu, kiriba kitupu anakitupa pembeni kikasubiri kuoshwa. Nikamuuliza kulikoni. "Stafeli hizi, mbegu mbovu. Mwezi umepita hata jicho halijatoka." Wala hakuniangalia, anaendelea kugonga.

Ni Muheza hapo, kwenye kitalu cha mama mmoja ambaye michungwa yangu yote nachukua kwake, na siyo mtu wa kubahatisha, miche yake unaweza kufumba macho ukachagua. Akatoka ndani anafuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu, hasara tupu. Mastafeli nimenunua mwenyewe sokoni, makubwa, yameiva, mbegu nimezitoa kwa mkono wangu, nikazianika vizuri. Basi tu."

Nikampa pole, nikalipa michungwa yangu, nikaondoka.

Nilivyorudi mvua za vuli zilikuwa zimeshashika. Nikazunguka nyuma kunawa mikono, nikaliona lile lundo la udongo uliomwagwa. Limeota. Na siyo mche hapa mche pale, limeota kama mtu kamwaga mchicha, vistafeli vimesongamana vinagombania jua, vingine bado vimevaa ganda la mbegu kichwani.

Hakuna aliyezimwagilia. Hakuna aliyezipa dawa.

Nimekaa na hilo lundo kichwani wiki kadhaa sasa, maana najiuliza ni mbegu ngapi nchi hii tunazimwaga kila mwaka zikiwa hai kabisa, halafu tunasema soko lina mbegu mbovu.

## Pasua uone

Nyumbani nilichukua mbegu ya stafeli nikaipasua kwa wembe, kwa urefu. (Ukijaribu, usijiguse macho kabla hujanawa na sabuni. Mbegu za stafeli na topetope zina sumu, kuna watu wanazisaga kuulia chawa, na unga wake ukiingia jichoni unaenda hospitali.)

Ganda jeusi, linang'aa, gumu ila siyo la kutisha. Ndani kuna nyama nyeupe yenye mikunjo mikunjo ya kahawia inayoingia kutokea pembeni, ukiiona mara ya kwanza utasema mdudu kapita humu, kumbe ndivyo ilivyoumbwa. Sasa tafuta kiinitete, yaani mche wenyewe. Kipo kwenye ncha, kidogo, cheupe juu ya cheupe, mpaka uigeuze mbegu kwenye mwanga ndiyo utakiona.

Linganisha na harage. Ukilipasua harage mtoto kajaa nyumba nzima, mpaka vijani vya kwanza unavihesabu. Stafeli linaachia mbegu zake wakati mtoto bado mchanga. Lazima kwanza akue humo humo ndani, kwenye unyevu na joto, ndiyo atoke. Ndiyo maana stafeli za haraka zinatoka kwenye wiki mbili, tatu, nne, na nyingine zinafika hata miezi mitatu, na zote zinaweza kuwa zimetoka kwenye tunda lile lile, umezisia siku ile ile.

Mwezi mmoja wa yule kijana ulikuwa mfupi tu.

## Kila mtu ana dawa

Nikaingia kwenye magrupu ya kilimo ya WhatsApp, si unajua. Ndani ya saa moja nina mapishi ya kutosha kufungua mgahawa. Loweka usiku kucha. Loweka kwenye maji ya madafu. Maji ya moto. Paka majivu. Weka friji. Sugua na msasa. Changanya na samadi mbichi. Na kila mtu anaapa, "mimi nilifanya hivi zikaota zote."

Na ushauri mmoja unarudi kila mahali, bila kutaja mbegu gani: zikaushe vizuri kwanza.

Hapo ndiyo nikashtuka, maana kwa baadhi ya mbegu huo ndio unaoua.

Mwaka 1973 Mwingereza mmoja, E. H. Roberts, alizigawa mbegu mafungu mawili kwa swali rahisi sana, je, inavumilia kukauka? Zinazovumilia unazikausha, unazihifadhi, zinakungoja miaka. Mahindi, maharage, ukwaju, ubuyu. Zisizovumilia ni embe, fenesi, shokishoki, doriani, kakao. Hizi hazilali wala hazina mpango wa kulala, zinatoka kwenye tunda zikiwa mbioni tayari. Hujawahi kupasua fenesi lililoiva likapitiliza ukakuta mbegu zimeshatoa mizizi humo humo? Mbegu ya namna hiyo ukiianika juani "vizuri" umeiua, halafu unaenda kuitafutia dawa ya kuiamsha. Shokishoki ukiitoa kwenye tunda ukaiacha inakauka juu ya meza, wiki ni nyingi. Wale wanaoleta mbegu zake kutoka Unguja na zikaota, waulize, watakwambia wamezifunga na kitu chenye unyevu, maranda au kitambaa kibichi.

Baadaye, mwaka 1990, Roberts na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading wakaongeza fungu la katikati baada ya kuhangaika na kahawa. Inakubali kukauka kidogo, ukizidisha inagoma. Mwaka uliofuata papai likaingizwa humo humo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niiamsheje", kuna swali linatangulia: hii mbegu imelala kweli, au haijui kulala kabisa?

Embe kwa mfano. Watu wanasema kokwa la embe "linachelewa". Halichelewi, limefungwa. Chukua mkasi wa kupogolea, kata ukingo wa lile ganda la nyuzinyuzi taratibu, lifungue, toa ile mbegu ya ndani. Kwanza utaona kama ina yule mdudu mweusi wa kokwa, na ukimkuta humo umeokoa kiriba chako. Pili, ikiwa mbichi itaota haraka na kwa pamoja kuliko iliyoachwa na ganda. Hiyo siyo dawa, umefungua mlango tu.

## Ukwaju hausemi uongo

Nilichokipenda kwenye ukwaju ni kwamba majibu unayapata kesho.

Ganda la mbegu ya ukwaju halipitishi maji vizuri. Shida yake nyingi iko hapo, ndani mtoto yuko tayari kabisa. Chukua kikata kucha, toboa ganda kidogo upande usiokuwa na lile jicho lilikoshikia kwenye tunda, kidogo tu mpaka uone rangi inabadilika, usizame ndani. Tia kwenye maji jioni. Asubuhi iliyotobolewa imevimba, imelainika, ganda limeanza kuchanika. Isiyotobolewa, mara nyingi imekaa vile vile, inang'aa, ukiidondosha kwenye sahani inalia kama kokoto.

Kama una mbegu nyingi huwezi kukaa na kikata kucha, basi chemsha maji, yaipue, yamwagie juu ya mbegu, yaache yapoe yenyewe usiku mzima. Nasema yaipue. Kuna video inazunguka jamaa anazichemsha mbegu motoni dakika kumi, sijui anapika supu. Asubuhi chagua zilizovimba upande, zisizovimba zirudie.

Ubuyu ni shughuli hiyo hiyo ila ukaidi umezidi. Mbegu za mbuyu zikisiwa hivi hivi mara nyingi hazifiki hata 20 kwa 100. Watafiti wanazitumbukiza kwenye asidi ya salfa kali kwa masaa, wewe na mimi tuishie kwenye tupa na maji ya moto tafadhali. Porini tembo na nyani wanakula matunda, mbegu zinapita tumboni zinatoka na samadi. Stori nzuri, na ni kweli zinapita na zinaota.

Ila hiyo stori ya tumbo ilinitia wasiwasi, na ndiyo iliyonigeuza mawazo.

## Bata mzinga wa mwaka 1977

Kisiwani Mauritius kuna mti unaitwa tambalakoke, kokwa lake gumu balaa. Mwaka 1977 mtafiti Stanley Temple akaandika kwenye jarida la Science kwamba mti huo unakufa kwa sababu ndege dodo aliisha karne ya 17, na bila kupita kwenye firigisi ya dodo mbegu haiwezi kuota. Dodo hayupo, basi akawalisha bata mzinga kwa nguvu mbegu 17. Saba zikasagika, kumi zikatoka nzima, akazisia, tatu zikaota.

Dunia nzima ikaipenda. Mpaka leo utaisikia kwenye semina.

Tatizo, hakukuwa na mbegu za pembeni ambazo hakulishwa ndege yeyote. Tatu katika kumi kulinganisha na nini? Baadaye wenzake wakafukua kumbukumbu wakakuta mbegu za mti ule zilishaoteshwa huko nyuma, taarifa ya mwaka 1941 ipo, na hakuna bata aliyehusika.

Nikarudi kwenye lile grupu nikasoma upya. "Mimi niliweka madafu zikaota zote." Sawa ndugu yangu, na zile ambazo hukuweka? Hakuna aliyeacha hata moja. Na kwa mbegu kama stafeli, ambayo itaota yenyewe tu ukiipa muda, dawa yoyote utakayoweka leo itaonekana imefanya kazi. Unaloweka kwenye madafu, inaota. Unaisomea dua, inaota. Unaimwaga nyuma ya kitalu kwa hasira, inaota.

Yaani lundo la yule mama lilikuwa na ushahidi kuliko grupu zima.

Siyo kwamba madafu ni uzushi. Maji ya nazi yana homoni za mimea kweli, zikiwemo jiberelini, ndugu wa ile dawa ya kuamshia mbegu inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Hiyo nayo ina asili ya ajabu, Mjapani Eiichi Kurosawa mwaka 1926 alikuwa anachunguza ugonjwa wa mpunga, mimea inarefuka kupitiliza mpaka inaanguka, akagundua ni kitu kinachotolewa na kuvu. Kitu hicho kikaja kuitwa jiberelini miaka ya 1930. Na kwenye stafeli na topetope inasaidia, majaribio ni mengi. Ila kumbuka ilikotoka. Ukizidisha dozi unapata miche mirefu, miembamba, imepauka, inalala ukiimwagilia. Nimeiona hiyo miche inauzwa barabarani na mnunuzi anafurahia urefu.

Ninachokataa kwenye madafu ni hesabu. Ukiloweka usiku kucha kwenye maji ya bomba nayo unapata faida. Sasa faida ya dafu juu ya maji ni kiasi gani? Mpaka uweke mabakuli mawili. Dafu lenyewe siku hizi bei yake unaijua.

## Papai, ambalo lilinipa kazi

Papai ndilo nililolifanyia mabakuli mawili, maana mbegu ni nyingi na hakuna anayelia ukizipoteza.

Kila mbegu ya papai ina kifuko cha ute. Ute huo ndio unaizuia isiote ndani ya tunda, una kemikali za kuzuia. Bakuli la kwanza nikazisugua kwenye chujio na mchanga kidogo mpaka vifuko vikapasuka vyote, zikabaki zile mbegu nyeusi zenye makunyanzi, nikazisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Bakuli la pili nikaziacha na ute wake. Tuta moja, maji sawa, kivuli sawa.

Zilizosuguliwa zilitangulia, na zilitoka kwa mkupuo. Za ute zikafuata kwa kujivuta, moja leo, nyingine wiki ijayo, nyingine sijui zilienda wapi.

Hapo nilikuwa na uhakika kwa mara ya kwanza, na ni raha tofauti kabisa na kusikia mtu anaapa.

Kisha kuna kitu sikukitegemea. Kumbe kukausha kunaweza kuilaza mbegu ya papai ambayo haikuwa imelala. Mwaka 2000 watafiti, wakiwemo wa bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza, walionyesha kwamba mbegu za papai zilizokaushwa zikagoma kuota ziliamka baada ya kupashwa joto la nyuzi 36 kwa saa nne. Nyuzi 36! Hiyo siyo moto, hiyo ni joto la kwapani kwako. Na mbegu hizo kabla ya joto ungezihesabu zimekufa, ungemwambia aliyekuuzia kwamba ni tapeli.

Joto kama dawa siyo kigeni kwetu, waulize wa Kigoma. Mbegu ya mchikichi ukiiacha inaweza kukaa miezi na miezi, ndiyo maana wazalishaji wa mbegu wanaziweka kwenye joto la karibu nyuzi 40 kwa miezi miwili na zaidi, halafu wanazipa unyevu, zinachipua kwa pamoja na mkulima anapewa zikiwa zimeshachipua. Mkulima analeta kiriba, usingizi wameshaumaliza wao.

## Mama hauzi subira

Sasa nilimpelekea mama habari zangu zote hizi kwa furaha, na akanisikiliza mpaka mwisho, ana heshima yake. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi kiriba kikikaa miezi mitatu kitupu nani ananilipia? Maji nanunua. Huyu kijana nampa hela kila wiki. Mteja akija anataka miche iliyolingana, hataki mmoja wa magotini na mwingine wa kidoleni."

Sikuwa na jibu hapo hapo.

Kwa sababu ni kweli. Haya yote ya kuamsha mbegu, mti hayausaidii chochote. Mti wa stafeli una sababu za kutoa watoto kwa awamu. Mvua ya kwanza ikidanganya, ikanyesha siku tatu ikakata, walioamka mapema wameungua, ila kuna wengine bado wako chini. Kulingana ni shida yetu sisi na wateja wetu. Na kwenye nafaka tulishaenda mbali nayo, maelfu ya miaka watu wamekuwa wakipanda zilizoota haraka, mpaka leo ngano ikinyeshewa wakati wa kuvuna inaweza kuotea kwenye suke. Kila nikifikiria kitalu kinachotupa za mwisho na kuuza za kwanza, kizazi kwa kizazi, najiuliza tunachagua nini bila kujua. Kwa mti wa matunda itachukua muda mrefu sana, sawa, labda natafuta makuu. Ila linanikaa.

Tulichokubaliana na mama ni kitu cha kawaida kabisa, na vitalu vingine vinafanya: usisie stafeli kwenye kiriba. Sia kwenye tuta la mchanga au sanduku, nyingi, karibu karibu, kivulini, na kila mche ukitoka uhamishie kwenye kiriba ungali mdogo. Kiriba hakikai kitupu hata siku moja, na tuta la mchanga lenye mbegu mia kadhaa linakula maji kidogo tu. Hata miche inalingana, maana unahamisha kwa makundi.

Alinibishia. "Kijana akihamisha anakata mzizi." Na anakata kweli, nimemwona anavuta kama anang'oa magugu. Kwa hiyo sasa anahamisha mama mwenyewe, na kijiti, jioni, na kijana kapewa kazi ya kumwagilia. Hawajaongea vizuri tangu hapo.

## Furu

Kilichobaki kwangu ni furu. Wa pwani ya Kenya mnaita fudu, lile tunda jeusi linalotia ulimi wino. Nimezunguka vitalu natafuta mche wa mfuru, sijapata. Kila mtu ananiambia "huo unaota wenyewe." Unaota wenyewe vipi, kokwa lile hata nyundo linaisumbua?

Nimeyagawa makokwa yangu. Mengine nimeyapasua kwenye jiliwa mpaka yakaachia ufa, mengine nimeyalowesha na kuyaanika kwa zamu, loweka usiku anika mchana, na fungu la tatu sijaligusa, limekaa kwenye mchanga wake. Mpaka naandika hivi fungu la ufa limetoa mche mmoja, la kulowesha hakuna, na lile la tatu nalo limetoa mmoja, kwa hiyo sijui kitu bado.

Kama ushaotesha furu, andika hapo chini ulifanyaje. Na tafadhali nitajie na zile ambazo hukuzifanya chochote, zilikuwa ngapi, na zilitoka ngapi.